Nilisoma "8" nikaweka dawa saa nane

Shikamoo Shangazi,

Ni msomaji wako wa Ngamiani, hapa hapa Tanga. Nina miaka 34 na ndoa yangu ina miaka 9. Ni fundi cherehani, kazi naifanyia barazani kwetu Barabara ya 12, na mume wangu ni mtu wa zamu bandarini. Mtoto hatujajaliwa. Picha ya mirija ilionyesha yote miwili imeziba, daktari akatuambia wazi kwamba njia iliyobaki ni kupandikiza, yaani mayai yavunwe, yatungishwe maabara, kisha kiinitete, ile mimba changa kabisa, kirudishwe kizazini. Mwaka jana tukauza kiwanja chetu cha Pongwe, tukaenda Dar es Salaam.

Sindano za kukuza mayai zilikwenda vizuri. Siku ya kuvuna walipata mayai 11. Nilipozinduka, bado nina usingizi wa dawa, muuguzi akanipa mfuko wenye vidonge vya kuweka ukeni. Akasema ni projesteroni, dawa ya kushikilia mimba, nianze usiku uleule. Juu ya boksi aliandika kwa kalamu: "1 x 2, 8 – 8". Mimi na mume wangu tukasoma saa nane kwa saa nane. Tulikuwa tumefikia kwa wifi yangu mkubwa, Mbagala. Nikatega kengele ya simu, saa nane za usiku nikaamka, nikanawa mikono, nikaweka cha kwanza. Kesho yake saa nane mchana, tena saa nane usiku, hivyo hivyo siku 5. Siku ya kurudishiwa kiinitete muuguzi akaniuliza, "Cha saa mbili asubuhi umeshaweka?" Shangazi, mwili uliniisha nguvu. Nikaitikia, "Ndiyo." Tangu siku ile sijamwambia mtu ila mume wangu.

Kiinitete kimoja kikarudishwa, 3 vikagandishwa. Tukarudi Tanga. Siku ya 8 baada ya kurudishiwa nikaona matone ya damu ya kahawia. Mama mkwe, ambaye ananipenda na hajawahi kuninenea neno baya, aliona nguo akasema, "Hiyo ni hedhi yako mwanangu, imeshindikana. Usijitie madawa bure yakaja kukuharibu." Usiku ule sikuweka. Siku ya 10 damu ikatoka nyingi. Siku ya 11 nikaenda kupima, majibu yakasema hakuna mimba.

Sasa kliniki wamenipigia. Hedhi ijayo nianze vidonge vya estrojeni, halafu nirudishiwe kimoja cha vile vilivyogandishwa. Wifi yangu mdogo anauza kwenye duka la dawa, anasema vile vidonge 9 vya projesteroni vilivyonibakia nianze kuviweka mapema, pamoja na estrojeni, ili kizazi kizoee na kiwe na nguvu. Nimepiga hesabu nikaona siku zitaangukia ndani ya Ramadhani, na sijui nitafungaje na dawa za ukeni. Mume wangu naye anauliza, mimba ikionekana si dawa zinaachwa, maana fedha imekwisha?

Lakini swali linalonikosesha usingizi ni moja. Je, ni mimi niliyekiharibu kile cha kwanza kwa kusoma saa vibaya?

Msomaji wako, Ngamiani


Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kidonge cha saa nane hakikuharibu mimba yako. Rudia kusoma maneno hayo, kisha mpe mumeo naye ayasome.

Yai linapotoka, kile kifuko lilimokuwemo hakifi. Hugeuka tezi ndogo ya rangi ya manjano, na kazi yake ni kumwaga projesteroni. Estrojeni huunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi. Projesteroni ndiyo inayougeuza ukuta huo ukawa mahali pa kupokea mgeni. Mwanamke aliyepevusha yai moja kwa njia ya kawaida hahitaji msaada hapo, tezi yake inamtosha. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa tiba hii, aliyezaliwa Uingereza mwezi Julai 1978, alitokana na yai moja ambalo mama yake alilipevusha mwenyewe bila sindano za kukuza mayai. Wewe ulivunwa 11. Mayai mengi namna hiyo hupandisha estrojeni mno, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo ikiona hivyo hupunguza homoni ya LH, ambayo ndiyo inayozilisha zile tezi za manjano. Matokeo yake zinasinyaa kabla ya wakati. Hapo ndipo projesteroni ya dukani inapoingia kuziba pengo.

Lakini hazisinyai siku ile ile. Ile sindano ya mwisho ya kuivisha mayai, ambayo mara nyingi huwa ni hCG, homoni ileile inayomwagwa na mimba, huendelea kuzishikilia kwa siku kadhaa. Kwa hiyo katika mzunguko kama ule wako wa kwanza, wakati wa kuanza projesteroni una upana. Mwongozo wa ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, uliochapishwa 2020, unasema ianzwe kati ya jioni ya siku ya kuvuna na siku ya 3 baada ya kuvuna. Wewe ulitakiwa saa mbili usiku, ukaweka saa nane ya usiku huohuo. Umechelewa saa 6 ndani ya nafasi ya siku 3. Na baada ya hapo ulikwenda kila baada ya saa 12 bila kuruka, ukaamka usingizini siku zote zile. Mtu aliyetimiza hivyo hana la kujilaumu.

Kosa la namna hiyo lingekuwa zito kwenye ile sindano ya kuivisha mayai, kwa sababu mayai hupangwa kuvunwa saa 34 hadi 36 baada yake. Ukiikosea kwa saa 6, wanaweza kukuta mayai hayajaiva au yamekwisha kutoka. Hiyo uliipata kwa wakati, ndiyo maana walivuna 11.

Nami nina neno na walioandika "8 – 8" juu ya boksi la mgonjwa wa Kitanga. Sisi saa zetu huzihesabu tangu jua linapochomoza, na nane yetu ni nane. Nimevaa sare ya uuguzi miaka mingi kabla sijaanza kuandika hapa, na nimeona kina mama wakimeza dawa usiku wa manane kwa sababu ya tarakimu moja iliyoandikwa kizungu na kusomwa Kiswahili. Mwenye kuandika ndiye anayepaswa kuandika "saa mbili asubuhi, saa mbili usiku", kwa maneno. Asipoandika, mwombe kalamu uandike mwenyewe mbele yake, kisha umsomee.

Ile "ndiyo" uliyomwitikia muuguzi, irekebishe. Usiione haya. Waambie sasa, kabla ya mzunguko mpya, kwa sababu faili lako linasema uliweka dawa kwa saa fulani, na daktari anapotafuta kwa nini haikushika anasoma faili hilo. Tena ukiwaambia, hawatarudia kukuandikia "8 – 8". Wala hakuna atakayekukumbuka kwa kosa hilo. Wao wamesikia makubwa kuliko hayo.

Sasa lile la kuacha dawa siku ya 8. Hapa siwezi kukuambia ulifanya sawa. Matone ya kahawia kabla ya siku ya kupima si hukumu. Wanawake wengi wanaotumia dawa ya ukeni huona matone, wengine huku wana mimba. Kinachotoa jibu ni kipimo cha damu siku uliyopangiwa, na mpaka siku hiyo dawa haiachwi, hata mama mkwe akisemaje, hata mimi nikisemaje. Lakini sikiliza na upande wa pili. Kiinitete cha siku ya 5 kikirudishwa, kikikubali hujishika ndani ya siku chache za mwanzo. Kingekuwa kimeshika hadi siku ya 8, kingekuwa kimeanza kumwaga hCG yake, na hiyo hCG ingeziamsha zile tezi zako za manjano zifanye kazi tena. Siku ya 11 damu yako haikuwa na kitu. Kwa uwezekano mkubwa hakikuwa kimeshika kabla wewe hujaacha, na damu nyingi ya siku ya 10 ni kizazi kumwaga ukuta wake baada ya kunyimwa homoni. Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ya kiinitete kutoshika ni kasoro ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, ndani ya kiinitete chenyewe, jambo ambalo hakuna kengele ya simu inayolirekebisha.

Na mama mkwe usimlaumu. Alisema alichokijua kwa miaka yake yote, kwamba damu ni damu. Keti naye jamvini umweleze kabla hamjaanza tena, kwamba safari hii damu ikionekana, wa kwanza kuulizwa ni kliniki. Anayekupenda namna hiyo akielewa, atakuwa wa kwanza kukukumbusha kuweka dawa.

Hapo nimeyamaliza yaliyopita, na moyo wangu hasa uko kwenye haya yanayokuja. Mzunguko wa viinitete vilivyogandishwa haufanani na ule wa kwanza, na kosa dogo lililosamehewa kule, huku huenda lisisamehewe.

Kwa namna walivyokueleza, safari hii hutapevusha yai. Estrojeni ya vidonge itazuia. Basi hakuna kifuko kitakachogeuka tezi ya manjano, na hakuna hata chembe ya projesteroni itakayotoka mwilini mwako. Yote itatoka kwenye boksi. Utaanza estrojeni siku za mwanzo za hedhi, uende nayo kama siku 10 hadi 14, kisha wakupige ultrasaundi kuona ukuta wa kizazi umefikia unene gani. Wengi hutaka milimita 7 au zaidi. Ukiwa haujafika, wanakuongezea siku za estrojeni, na hilo halina neno: estrojeni ni mvumilivu, inangoja.

Projesteroni haingoji. Saa unayoweka kidonge cha kwanza ndiyo saa ambayo hesabu inaanza kwenda, na haisimamishwi. Kiinitete chako kiligandishwa kikiwa na umri wa siku 5, kwa hiyo kizazi nacho lazima kiwe kimekaa na projesteroni siku 5 kamili, kirudishwe siku ya 6. Wavuvi wa Deep Sea, hapa kwetu Tanga, wanalijua jambo hili kuliko daktari yeyote. Maji yakijaa, jahazi hupita juu ya mwamba bila kugusa. Ukifika mapema linakwama, ukifika maji yamepwa linakwama, na bahari haitakuuliza ulichelewa kwa sababu gani. Ukuta wa kizazi nao hujaa na kupwa. Katika mzunguko wa kawaida, kiinitete hujishika kati ya siku ya 6 na ya 10 baada ya yai kutoka. Baada ya hapo kizazi hufunga, hata kiinitete kiwe kizuri namna gani.

Sasa mrudie wifi yako mdogo kwa upole, umwambie hapana. Najua anakutakia heri. Kwa mtazamo wake projesteroni ni kama uji wa mzazi: ukianza mapema na ukizidisha, nguvu zitaongezeka. Sivyo inavyofanya kazi. Ukiweka vile vidonge 9 siku ya 6 au ya 8 ya estrojeni, utakuwa umeyajaza maji kabla jahazi halijatoka ng'ambo. Ukuta utageuka, utakomaa, na siku daktari atakapokurudishia kiinitete kizazi kitakuwa kimekwisha funga. Kibaya zaidi, kwenye ultrasaundi hatajua kwamba hesabu yake imevurugika, kwa sababu unene wa ukuta utaonekana mzuri. Atakirudisha, hakitashika, na ninyi mtabaki mkiuliza tena ni nani aliyeharibu. Ikiwa umekwisha anza kuviweka, hata kimoja, wapigie simu leo. Wataahirisha, wataanza upya mwezi mwingine, kiinitete kitabaki kwenye barafu salama. Mwezi mmoja si kitu mbele ya kiinitete kimoja.

Hivyo vidonge 9 vitoe chumbani. Vikabidhi kliniki, wao waamue kama vinafaa.

Kuhusu Ramadhani, umeuliza vizuri, na wengi huona haya kuuliza. Mimi si mwanachuoni, nitakuambia ninachokijua halafu umwendee sheikh unayemwamini. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, na vitabu vya madhehebu hayo vinahesabu kinachoingizwa ukeni mchana kuwa kinafunguza. Baraza la kimataifa la fikihi lililokutana Jeddah mwaka 1997 liliona vinginevyo, kwamba dawa za ukeni na sindano zisizo za chakula hazifunguzi. Masheikh wetu wanazo kauli zote mbili. Na juu ya hayo yote kuna aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zinazompa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mwanamke aliye katikati ya tiba ya namna hii, anayehitaji kunywa maji na kula vizuri, mimi sioni haya kumwita mgonjwa.

Ukiamua kufunga na daktari wako akaridhia, saa zinapangika. Hapa kwetu magharibi huingia kama saa 12 na nusu jioni na alfajiri kama saa 11, kwa hiyo usiku una takriban saa 10 na nusu. Vidonge vya estrojeni vya mara 3 hukaa wakati wa futari, wakati wa kulala na wakati wa daku. Kidonge cha ukeni cha mara 2 kinaweza kuwekwa baada ya futari na kabla ya alfajiri, ingawa hapo nafasi haziwi 12 kwa 12. Ndiyo maana usipange wewe, apange daktari. Wapo wanaobadilishiwa wakachomwa sindano ya mafuta mara 1 kwa siku, usiku. Inauma, nisikufiche, na paja au kalio hubaki na donge, lakini mchana wote unakuwa huna la kuweka. Liseme mapema, ile siku ya kwanza ya estrojeni, ili saa ya kwanza ya projesteroni ichaguliwe ikiwa tayari inaendana na mfungo. Kuhamisha saa katikati ya safari ndiko kunakoleta makosa.

Mumeo mwambie hivi, kwa sababu swali lake ni la mtu aliyechoka na si la mtu asiyejali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari mmoja aitwaye Arpad Csapo alifuatilia wanawake waliotolewa ile tezi ya manjano mimba ikiwa changa. Waliotolewa kabla ya wiki ya 7, mimba zilitoka. Waliotolewa wiki ya 9 au zaidi, mimba ziliendelea, kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa limeshika kazi ya kutengeneza projesteroni. Na wale wa mapema waliopewa projesteroni ya nje, mimba zao zilisimama. Siku utakapopima na kuambiwa una mimba, itahesabiwa ni ya wiki 4 na siku kidogo. Kondo bado. Tezi ya manjano huna. Kitu pekee kinachoushika ukuta wa kizazi chako siku hiyo ni kile kidonge cha saa mbili. Ukikiacha kwa sababu kipimo kimesema ndiyo, umelivuta jamvi chini ya mgeni aliyeketi sasa hivi. Kliniki nyingi huendelea hadi wiki ya 10 au ya 12 katika mzunguko wa namna hii, kwa hiyo pangeni fedha za dawa za wiki 6 hadi 8 zaidi baada ya kipimo, estrojeni pamoja na projesteroni. Hizo fedha zitengwe kabla ya nauli. Kama hazitoshi, ni afadhali kungoja miezi 2 mkusanye, viinitete havizeeki kwenye barafu.

Waulize vilevile kama wanapima kiwango cha projesteroni kwenye damu siku ya kurudisha au kabla yake. Si kliniki zote zinafanya. Lakini kwa mtu kama wewe ambaye hana projesteroni yake, dawa ya ukeni peke yake humtosha mmoja na kumpungukia mwingine, na aliyepungukiwa akigundulika mapema anaongezewa sindano.

Vile vidonge vyenyewe ni vya mafuta, vinayeyuka kwa joto la mwili, ndivyo vilivyoundwa. Joto la Tanga halitofautiani sana na la mwili. Nilipokuwa kazini alikuja mama mmoja ametoka safari, ameweka boksi kwenye mfuko wa pembeni wa begi upande wa jua. Alipofungua, vidonge vimekuwa kama samli ya asubuhi, vimeshikamana na karatasi zake, anavikwangua kwa kijiko huku analia. Usiviweke dirishani mwa basi wala karibu na jiko. Viweke kwenye chupa pana ya chai iliyo tupu na kavu, au kwenye kijiboksi chenye barafu iliyofungwa kitambaani, na nyumbani viwe kwenye chumba cha kivuli. Kilichoyeyuka kikapoteza umbo usikitumie kwa kukisia, omba kingine. Ndiyo maana ubebe vya akiba.

Ukishaweka, lala kama nusu saa. Baadaye utaona kitu cheupe cheupe kinatoka, usishtuke wala usiweke kingine. Hayo ni mafuta yaliyokuwa yamebeba dawa, dawa yenyewe imekwisha ingia. Ukisahau, weka mara unapokumbuka, usiweke 2 kwa mpigo, na wapigie kliniki uwaambie umechelewa saa ngapi. Na maziwa yakijaa, usingizi ukikulemea barazani juu ya cherehani, choo kikawa kigumu, usianze kuhesabu majina ya mtoto wala usilie yakipotea. Projesteroni ndiyo inayoyaleta yote hayo, kwa mwenye mimba na asiye nayo. Pia huweza kuizuia hedhi isije ilhali mimba haipo. Dalili hazina ushahidi kwenye dawa hii. Ngoja damu, siku ya 9 hadi ya 14 baada ya kurudishiwa, siku watakayokupa wao.

Safari ya basi haitakidhuru kiinitete, mitikisiko ya barabara haikitoi. Shida ya safari ni saa. Ukitoka stendi ya Kange asubuhi kwenda Dar, hiyo saa mbili ya asubuhi itakukuta njiani, na choo cha stendi si mahali pa kuweka dawa hii ukalala nusu saa. Kwa hiyo fika Dar kabla ya siku ya kidonge cha kwanza, kaa Mbagala kwa wifi yako siku zile 6, urudi Tanga ukiwa umekwisha rudishiwa. Basi likikuharibikia njiani wakati wa estrojeni, hakuna kilichoharibika. Likikuharibikia siku ya 4 ya projesteroni, kuna kilichoharibika.

Fanya hivi siku watakapokuambia ukuta umefika unene. Kabla hujatoka kwenye kile kiti, mwombe muuguzi akuambie kwa mdomo: kidonge cha kwanza ni siku gani na saa ngapi, na kiinitete kinarudishwa siku gani na saa ngapi. Andika kwa maneno, saa mbili usiku, na pembeni uandike 20:00 kama simu inavyoonyesha. Msomee. Kisha mpigie mumeo papo hapo, hata akiwa zamu, naye atege kengele kwenye simu yake, ili kengele mbili zilie pamoja, moja Mbagala na nyingine bandarini Tanga.